Chakula Kilichosingiziwa

Siku ile cherehani haikulia.

Kwa kawaida, kabla kinyozi hajawasha mashine yake, mkewe alikuwa ameshakaa kwenye kona ya kile chumba chao kimoja cha biashara, anashona sare za shule. Mume alinyoa upande wa dirishani, mke alishona upande wa ukutani, na wateja walizoea kukatwa nywele huku pedali ikinguruma kama paka aliyeshiba. Asubuhi ile walikuta mlango umefungwa. Muuza mkaa wa jirani akawaambia kwa sauti ya chini kwamba fundi hayupo tena.

Jana yake mchana alikuwa mzima wa afya. Jioni akaanza kutapika na kuharisha maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Alfajiri akakata roho katika hospitali ya serikali, mumewe amemshika mkono uliokuwa umesinyaa ghafla ukawa kama wa bikizee.

"Alikula wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza aliloulizwa kinyozi, hata machozi hayajapata njia. Aliyeuliza alikuwa Bwana Afya, mkuu wa ofisi ya afya ya mji, ambaye alikuwa amefika wodini mapema mno kwa mtu wa cheo chake.

"Alikula kwa wifi yake," kinyozi akajibu. "Kibandani, hapo nje ya geti."

Bwana Afya akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Basi. Ni chakula."

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa kinyozi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alipika nje ya geti la hospitali miaka nenda miaka rudi, akiwalisha wauguzi, wagonjwa na waliokuja kuwatazama wagonjwa. Watu walimwita Mama Moto kwa sababu hakuwahi kumpakulia mtu chakula kisichofuka moshi. Mteja akilalamika kwamba ameungua ulimi, alimjibu, "Pole baba, kipulize. Mdomo si unao?"

Kabla jua halijapanda sawasawa, kibanda kilikuwa kimetiwa kufuli la serikali, na gari lenye kipaza sauti likapita mtaa kwa mtaa likitangaza kwamba ofisi imemdhibiti mpishi wa chakula kichafu, na wananchi watulie. Mji ulikuwa katika hekaheka wakati huo. Bomba jipya la maji lilikuwa limeanza kutoa maji si zamani, na sasa lilisubiri kuzinduliwa na mgeni rasmi kutoka makao makuu. Mawe ya kando ya barabara yalikuwa yamepakwa chokaa. Kwenye ukuta wa ofisi paliandikwa kwa herufi kubwa: MAJI NI UHAI. Katika hekaheka kama hiyo, kifo cha mshona sare kilihitaji jibu la haraka, na jibu likapatikana kwenye chungu cha mwanamke mmoja.

Hospitali iliutoa mwili ukiwa umefungwa katika plastiki nene, unanuka dawa inayochoma macho. Mtu wa chumba cha maiti, aliyevaa glavu zinazofika viwikoni, alisema neno moja tu: "Msifungue. Mzike leo leo."

"Kwa nini tusifungue?" akauliza shangazi wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu.

"Ndiyo maagizo."

"Mwanangu si furushi la mitumba. Si mmesema amekula chakula kibovu? Aliyekula chakula kibovu anaambukiza nini akishakufa?"

Yule mtu akatazama dirisha la ofisi, kisha akaondoka zake. Angesema neno moja la kweli, wangemtii. Hakulisema. Kwa hiyo walipofika nyumbani shangazi akapandisha mikono ya gauni, akafungua plastiki, akamwosha mwanawe kwa mikono yake mwenyewe kuanzia nywele hadi unyayo, kama inavyompasa mtu kuoshwa na watu wake.

Mama Moto alifika msibani watu wakiwa wamejaa uani. Hakupata hata pa kukaa. Shangazi alimwona kutoka mlangoni.

"Umekuja kuhesabu uliowamaliza?"

"Nimekuja kumlilia wifi yangu."

"Mawifi!" shangazi akacheka kicheko kikavu. "Nani asiyejua ya mawifi? Leo sahani moja, kesho sumu moja."

Macho yote yakamgeukia kinyozi, maana mwenye msiba ndiye mwenye neno. Kinyozi alimtazama dada yake. Alikumbuka jinsi mkewe na dada yake walivyowahi kununiana kwa sababu ya kitanda cha marehemu mama yake. Walinuniana, wakapatana, wakacheka. Lakini shaka ni kama kupe: hung'ang'ania pale pale ngozi ilipo laini.

"Dada," akasema, "rudi kwako."

"Unasemaje?"

"Rudi. Watu wameshasema."

"Watu gani?"

"Ofisi imesema."

Mama Moto akamsogelea mpaka akamwona mboni za macho. "Wewe mtoto. Nimekutafunia chakula ukiwa huna meno. Ungekuwa umeshakufa mara ngapi?" Hakungoja jibu. Alijifunga khanga yake vizuri, akatoka kwa geti lile lile alilolipitia, na wakati wa kuzika alionekana amesimama peke yake mbali, nyuma ya magari.

Matanga yale yalikuwa ya ajabu. Watu walikuja, lakini kila sahani ilinuswa kabla ya kuguswa. Mama aliyekaa karibu na jiko aliwavuta wanawe kwa masikio walipotaka kuonja. Mwingine alikuja na chakula chake ndani ya mkoba akala akiwa ameupa ua mgongo. Kila mtu alimwogopa mpishi. Hakuna aliyekiogopa kikombe: maji ya bomba jipya yalikuwa ndani ya pipa la buluu pembeni ya mlango, meupe pe, na watu waliyateka wakanywa, wakasema afadhali siku hizi maji yanapatikana.

Matanga hayajaanuliwa, shangazi akaanguka chooni.

Kinyozi ndiye aliyempeleka hospitali kwa bajaji, mwanamke akiharisha njia nzima na kumtukana dereva kwa kila shimo. Hawakumpeleka wodi ya wanawake. Walimzungusha nyuma, wakapita mlango uliobandikwa karatasi: PANAPAKWA RANGI, USIINGIE. Mle ndani hapakunuka rangi hata kidogo. Palinuka dawa ile ile ya kuchoma macho. Muuguzi alimzuia kinyozi mlangoni, akamwambia arudi kesho.

Kesho yake alimkuta shangazi amewekewa maji ya mishipa mikono yote miwili. Mashavu yalikuwa yamebonyea, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mkwe, sogea," akanong'ona. "Inua shuka hili. Usione haya, nimekupa ruhusa. Unaona nini?"

Kinyozi akainua. Kitanda kilikuwa cha turubai, na katikati kilikuwa kimekatwa tundu la duara, ukingo wake umeshonwa vizuri. Chini yake paliwekwa ndoo.

"Ni tundu," akasema.

"Ni tundu. Na huyu wa jirani yangu ana tundu. Na yule wa dirishani, na yule, na yule. Sasa niambie, wewe mwenye macho: haya matundu yalikatwa lini? Mimi nimefika na kukuta kitanda kinaningoja kama bibi harusi. Nani aliwaambia kwamba nitakuja?"

Kinyozi akashusha shuka.

"Na jingine hili," shangazi akaendelea, akivuta pumzi. "Mimi sijaonja hata ukoko wa chungu cha dada yako. Tangu lini nile kwake? Ananiita ulimi wa nyoka. Kwake sijala, na yale yale yaliyomtoka mwanangu yananitoka mimi. Haya, ni sumu gani hiyo inayompata mtu kwa kutazama kibanda tu?"

Muuguzi akapita na ndoo. Kinyozi akamfuata hadi kwenye kizingiti. "Sista, nieleze. Shangazi anaumwa nini?"

"Anaharisha."

"Hilo naliona. Ugonjwa unaitwaje?"

Muuguzi akatazama kushoto na kulia. "Kaka yangu, mimi nina watoto wanaonitegemea. Tumeambiwa atakayelitaja lile neno atahamishiwa kusikofika gari. Wewe nenda nyumbani. Chemsheni maji. Naweni kwa sabuni, sabuni nyingi. Na usiniulize kwa nini." Akageuka, kisha akarudi hatua. "Na yule aliyekuoshea marehemu, kama ana wenzake waliomsaidia, waambie wakiona tumbo limegeuka waje mbio."

Kinyozi alitoka pale. Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa dada yake. Yeye alipita mbele ya kibanda kilichotiwa kufuli bila kugeuza shingo. Kuamini kwamba dada hana hatia kulimaanisha kuamini kwamba alimfukuza bure mbele ya kadamnasi, naye hakuwa na kifua cha kubeba hilo juu ya msiba. Akajiambia labda ni mambo mawili tofauti. Labda mkewe alikufa kwa chakula na shangazi anaumwa kitu kingine. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Alifungua duka. Hakugusa kona ya cherehani. Wateja walikuja, na maneno yakaja nao. Mtaa wa juu kumefariki wawili. Kule kwenye nyumba za walimu kumefariki mmoja, na watu wa ofisi walifika kuzika kabla hata ndugu hawajafika. Kila msemaji alimaliza kwa kutazama mlangoni.

Bwana Afya naye alikuja kunyolewa, kama alivyozoea kila mwisho wa juma. Aliingia na pole nyingi, akaketi, akafungiwa kitambaa shingoni. Kinyozi alipochukua chupa yake ya kunyunyizia maji kichwani, Bwana Afya akamshika mkono.

"Kavu tu leo."

"Nywele zako ngumu, mzee. Bila maji zitakukwaruza."

"Wacha zinikwaruze."

Kinyozi akaendesha mashine. Kisha akasema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, "Shangazi yetu amelazwa kule kunakopakwa rangi. Kitanda chake kina tundu."

"Vitanda vibovu hivyo. Tumeomba vipya, bado hatujapewa."

"Tundu limeshonwa ukingo. Marehemu mke wangu alikuwa fundi. Nalijua pindo la mtu aliyetulia."

Kwenye kioo, macho yao yakakutana. Bwana Afya ndiye aliyeyaondoa yake. "Bwana kinyozi, wewe umefiwa. Mfiwa huona mengi. Nikushauri kama ndugu: waachie wataalamu. Kuhara ni kuhara tu. Na mgeni rasmi akishakuja akaenda zake, mambo yote yatakaa sawa."

"Mgeni na tumbo vinahusiana nini?"

Bwana Afya akasimama, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Akaona kichwa chake kwenye kioo, akakaa tena. Kinyozi akamalizia upande uliobaki.

Uvumi ulipokuwa hauzuiliki tena, ofisi iliitisha mkutano mbele ya bomba jipya. Mheshimiwa, mkuu wa serikali pale mjini, aliketi kivulini chini ya turubai, amevaa miwani myeusi. Bwana Afya akasimama mbele ya kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kuna watu wanapita majumbani wakisema maji haya yana ugonjwa. Sasa mimi, mtumishi wenu, nitakunywa mbele yenu."

Dereva wake akatoka garini akiwa amebeba glasi iliyojaa, juu ya kisahani. Bwana Afya akainywa yote, akageuza glasi chini juu. Baadhi ya watu wakapiga makofi.

Ndipo Mama Moto alipotokea katikati ya watu. Alikuwa amekonda kidogo, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuita oda kutoka jikoni. "Samahani, mwanangu. Hiyo glasi imetoka garini. Bomba si hili hapa?"

Watu wakacheka kwa woga. Yeye hakucheka. Alichukua glasi kutoka kwenye kisahani, akafungua bomba, akaisuuza, akaijaza, akamnyooshea Bwana Afya kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyopewa mgeni. "Karibu. Ya hapa hapa."

Mkono wa Bwana Afya uliinuka nusu, ukasita, ukarudi ubavuni. "Mama, nimeshakunywa. Tumbo langu si pipa."

"Onja tu. Hata mimi chakula changu nilikuwa naonja kwanza."

"Huyu ni yule mpika sumu!" akadakia mtu mmoja kutoka chini ya turubai. "Nani amemruhusu kusema?"

Askari wawili wakamshika Mama Moto mikono, wakamwondoa bila kumpiga. Glasi ikaanguka, maji yakamwagika kwenye viatu vya Bwana Afya. Na hapo kinyozi, aliyekuwa amesimama safu ya mbele, akaona kitu ambacho kilimwingia kama msumari: Bwana Afya aliruka nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto, akatoa leso, akainama, akafuta viatu vyake haraka haraka, kisha leso ile, leso nzuri ya hariri, akaitupa.

Siku ile kinyozi aliacha kujidanganya. Jioni alikwenda hadi mlangoni kwa dada yake akainua mkono kubisha. Akasikia sauti yake ndani, anazungumza na jirani, anacheka kidogo. Akashusha mkono, akarudi nyumbani. Aibu nayo ni kufuli.

Bwana Afya alikuwa na mama. Bibi huyo aliishi kwa mwanawe, katika nyumba ya vigae karibu na ofisi, na mtaa mzima ulimpenda kwa kuwa hakujua makuu. Nyumba ile ililetewa maji ya chupa kwa katoni, yakapangwa hadi darini. Mwanawe alimwambia ni maji ya wageni wa serikali na kwamba naye anywe hayo hayo, basi. Kwa nini, hakumwambia. Neno alilowaficha wa nje alikuwa amelificha hata ndani, akihofia kwamba mama ana marafiki wengi na mdomo usio na mlango. Bibi akaona maji ya chupa hayana ladha, tena ni makosa kunywa ya wageni. Akawa anavuka barabara kila mchana hadi kwa jirani, wanapiga soga, wanakunywa ya bomba.

Aliugua asubuhi. Kesho yake kilio kikasikika katika nyumba ya vigae.

Watu walikwenda. Hata waliomchukia mwana walimwendea mama. Kinyozi alikwenda, na shangazi, aliyekuwa ametoka hospitali akitembelea fimbo, alikwenda. Mheshimiwa alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti chenye mto wa foronya, chupa ya maji haijafunguliwa mkononi. Mbele ya chumba cha marehemu walisimama wanaume wawili waliovaa buti za mpira, mmoja ana bomba la kupulizia dawa mgongoni kama mpulizia dawa ya mimea. Harufu ilikuwa ile ile.

Wanawake walikuwa wamekwisha kutenga maji ya kumwoshea marehemu. Bwana Afya akasimama mlangoni, mikono ameitanda kwenye miimo.

"Hataoshwa," akasema. "Hawa watamshughulikia."

"Wanaume? Na mabuti?" wanawake wakaguna. "Mama yako huyu!"

"Nimesema hataoshwa!"

Umati ukapasuka njia, akapita Mama Moto. Alikuwa amepandisha mikono ya gauni hadi juu ya viwiko. Hakumtazama kaka yake, hakumtazama Mheshimiwa. "Pisha, mwanangu," akamwambia Bwana Afya kwa upole. "Mama yako ndiye aliyenipa chungu changu cha kwanza nilipoanza kupika. Leo aoshwe na mabuti nami nipo?"

"Usiingie, mama."

"Unaniogopea nini? Mimi si ndiye sumu yenyewe?" Akamshika mkono ili auondoe kwenye mwimo. "Tena nikuulize. Huyu amekula wapi? Kibanda changu umekifunga kwa kufuli lako, ufunguo uko mfukoni mwako. Mama yako ameuawa na chakula cha nani?"

Bwana Afya alimtazama mwanamke yule, mikono yake mitupu iliyokuwa tayari kwa kazi, na nyuma yake wanawake wengine watano au sita ambao nao walikuwa wamepandisha mikono. Wote wangeingia. Wote wangemgusa. Akatazama kiti chenye foronya. Mheshimiwa alitikisa kichwa polepole, kushoto, kulia. Mama Moto akasukuma mlango.

"Usimguse!" Bwana Afya akalia kwa sauti ambayo watu hawakujua kwamba anayo. "Utakufa! Mtakufa wote! Ni kipindupindu!"

Neno lile lililokuwa limefungiwa wodini, likapakwa rangi, likawekewa askari, likatoka uani mchana kweupe mbele ya mji mzima. Bwana Afya alikuwa ameketi chini kwenye kizingiti, machozi na kamasi vinamtoka kama mtoto. "Kipo kwenye maji. Bomba la maji taka limepasuka chini ya bomba jipya. Vipimo vilikuja kabla mke wa kinyozi hajafa. Tulijua."

"Mlijua?" Kinyozi alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mbali. "Mlijua nani?"

"Ofisi."

"Ofisi haina mdomo. Nani alisema mnyamaze?"

Bwana Afya hakutaja jina. Aliinua tu macho, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kiti chenye foronya. Mheshimiwa akasimama, akaweka simu sikioni, ingawa hakuna aliyeisikia ikilia. Akatoka akisema "halo, halo" hadi kwenye gari.

"Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii," shangazi akamwambia Bwana Afya. Hakupaza sauti, na ndiyo mara ya kwanza watu kumsikia akisema bila kupaza sauti. "Neno moja ungeniambia. Moja tu." Akaketi chini kwenye mchanga, fimbo imelala mapajani.

Kinyozi alimfuata dada yake alipokuwa ananawa kwa sabuni kwenye ndoo iliyotiwa dawa. Alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Dada, nilikufukuza."

"Ulinifukuza."

"Nisamehe."

Mama Moto akakung'uta mikono. "Nitakusamehe. Leo bado. Leo nina hasira, nataka nikae nazo kidogo, ni zangu." Kisha, alipoona bado amesimama, akamsukuma bega. "Nenda kamtazame shangazi, amekaa juani."

Kesho yake redio ilitangaza kwamba serikali, kwa umakini wake, imegundua mlipuko wa kipindupindu na imechukua hatua mara moja. Mgeni rasmi hakuja. Bwana Afya alisimamishwa kazi na anangoja kesi. Mheshimiwa alihamishiwa mji mwingine, kwa cheo kile kile, na huko nako, watu wanasema, kuna bomba jipya. Familia zilizofiwa, zikiongozwa na kinyozi na dada yake, zimepeleka malalamiko mahakamani zikitaka ijulikane nani alitoa amri, na shauri limeahirishwa tena na tena. Kila linapotajwa huenda wote, na shangazi huenda nao, japo karani amemwambia si lazima.

Ofisi mpya imetangaza kwamba maji sasa ni salama. Kinyozi huyachemsha hata hivyo, na watu wa mtaa ule nao huyachemsha, maana wamejifunza kwa gharama ya wapendwa wao kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.